Maelezo ya Zana za Roboti ni Amana

Mwaka 1961 mkono wa chuma ulioitwa Unimate, zao la uvumbuzi wa George Devol, ulianza kazi katika kiwanda cha General Motors jimboni New Jersey, Marekani, ukiopoa vipande vya madini vilivyokuwa vingali moto, kazi iliyokuwa na hatari kubwa kwa watu. Na kwa miaka mingi baada ya hapo roboti za viwandani aghalabu hazikutenda ila lile ambalo fundi alikwisha kulipanga hatua kwa hatua.

Zama hizi limezuka jambo jingine. Akili mnemba inayofahamu lugha ya watu, ambayo huitwa wakala pale inapopewa uwezo wa kutenda, yaweza kupokea agizo la maneno, kama vile kuhamisha kisanduku kutoka meza moja hadi nyingine, kisha ikachagua yenyewe njia ya kulitimiza. Na mwaka 2022 watafiti wa Google, katika kazi yao iitwayo SayCan, walidhihirisha kwamba roboti yaweza kuongozwa hivyo kwa kuchagua miongoni mwa stadi zilizoelezwa kwa maneno. Programu ndogo ambazo wakala huziita ndizo zana zake: moja husogeza mkono, ya pili hufumba vidole vya kushikia, ya tatu huuliza mkono uko wapi.

Sasa wakala huyo hajapata kuzigusa mota wala kusikia mngurumo wake, bali ajualo juu ya zana ni maelezo aliyoandikiwa: jina lake, kazi yake, vitu inavyohitaji na majibu inayoyarudisha. Fundi aliyezeeka katika karakana huziba upungufu wa maandishi kwa kumbukumbu au kwa kumwuliza mwenziwe, ilhali wakala aghalabu huuziba kwa kukisia, na makisio yake huja kwa lugha fasaha isiyotofautika na maarifa ya yakini.

Chukua mfano wa vipimo. Lugha ya kuendeshea roboti za Universal Robots za Denmark hupima umbali kwa mita na pembe kwa radiani, ambapo lugha ya roboti za ABB hupima kwa milimita na digrii. Kwa hiyo zana iliyoandikwa kwamba yahitaji namba ya umbali, bila kutaja kipimo, huifanya 0.5 kuwa nusu mita kwa mashine moja na nusu milimita kwa nyingine. Madhara ya kosa la namna hii si ndoto: Septemba 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kiliangamia kilipofika sayari ya Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama za metriki.

Basi maelezo kamili sharti yabainishe kipimo cha kila namba, mpaka wa chini na wa juu, mahali umbali unapoanza kuhesabiwa, hali inayopasa kutimia kabla ya zana kuitwa, wakati ambapo haifai kuitwa kabisa, na maana ya kila ilani ya kushindwa, ili wakala ajue kama inampasa kurudia, kusimama au kumwita mtu.

Walakini maneno, hata yakiwa bora, si ngome. Kanuni za kimataifa za ISO 10218 zaagiza kwamba roboti inapoendeshwa kwa mkono katika hali ya mwendo uliopunguzwa, kasi yake isizidi milimita 250 kwa sekunde. Mpaka kama huo hulindwa na mashine yenyewe, wala hauachiwi hiari ya msomaji, nacho kitufe cha kusimamisha mashine wakati wa hatari hakina budi kutii mkono wa binadamu, wakala apende asipende. Kazi ya maelezo ni kumjulisha wakala kwamba mipaka hiyo ipo, asishangae agizo lake linapokataliwa.

Enyi vijana mnaojifunza kuandika programu, yapeni maelezo taadhima ile ile mnayoipa programu yenyewe: mpeni ayasome mtu asiyeijua mashine, na muyajaribu kwanza katika roboti ya kuigiza ndani ya kompyuta kabla ya kuigusa ya chuma. Zana ambayo mtengenezaji wake hawezi kuieleza bayana haistahili kukabidhiwa wakala.