Senti 82 za Kuku wa Kesho

Mwaka 2013, supamaketi, wafugaji na wachinjaji wa Uholanzi waliafikiana: ifikapo 2020, kuku wa kisasa anayekuzwa harakaharaka asiuzwe tena madukani mwao. Badala yake angeletwa "Kuku wa Kesho", asiyenenepa zaidi ya gramu 50 kwa siku, mwenye nafasi kubwa kidogo bandani na majani makavu ya kuparura.

Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, ACM, iliyapima makubaliano hayo na Januari 2015 ikasema hayastahili msamaha wa sheria ya ushindani. Wauzaji wote wakiondoa bidhaa moja kwa pamoja, mteja anabaki bila chaguo. ACM ilitafuta kujua wanunuzi wangekubali kuongeza kiasi gani ili kuku aishi vizuri. Jibu: senti 82 za euro kwa kilo. Lakini gharama ingepanda kwa euro 1.46 kwa kilo.

Basi, shauri likaishia hapo. Maisha ya kiumbe yalithaminiwa kwa mfuko wa anayemla.

Simon Holmes, mwanasheria aliyekuwa katika Mahakama ya Rufani ya Ushindani ya Uingereza, aliupinga mtazamo finyu wa namna hii katika makala yake ya 2020. Kwake, sheria haihitaji kuandikwa upya. Inahitaji kusomwa yote. Mikataba ya Umoja wa Ulaya tayari inaagiza mazingira yazingatiwe katika kila sera, na ushindani haukuachwa nje. Manufaa, anasema, yasihesabiwe kwa bei ya dukani tu. Holmes anaonya pia kwamba hofu ya faini inazizuia kampuni kushirikiana hata kwa jambo la heri.

Suala la mazingira, Tanzania ilishaliandika: kifungu cha 12 cha Sheria ya Ushindani ya 2003 kinataja kulinda mazingira miongoni mwa sababu za msamaha. Austria ilifuata 2021. Tume ya Ulaya ikatoa mwongozo juu ya makubaliano ya aina hiyo 2023.

Hata hivyo, ACM ilipochunguza tena 2020, ilikuta supamaketi, kila moja kwa masharti yake, zimeshaivuka ahadi ya Kuku wa Kesho. Ushindani ulifanya kazi, ingawa wanaharakati wa Wakker Dier, shirika la kutetea wanyama, walikuwa wamezibana kwa miaka.

Kuku ana watetezi, na mteja humwona kwenye kaunta. Moshi wa kiwanda cha saruji je? Ni kampuni gani itakayokubali kupandisha gharama zake peke yake, na ni mteja gani atakayeibana?