Kombora Laona Mbali, Lakini Halimjui Adui

Kwa Warundi neno "kombora" si neno geni. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowachukua Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda iliangushwa kwa makombora ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Wote waliokuwamo walikufa, wakiwamo mawaziri wawili wa Burundi. Makombora yale yalirushwa kutoka ardhini. Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi habari za aina nyingine, yaani kombora lirushwalo na ndege ya kivita kuipiga ndege nyingine angani, likiongozwa na rada. Silaha hiyo i mbali na kazi zao za kila siku, lakini fundisho lake li karibu nao sana.

Rada hutuma mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yakigonga chuma cha ndege hurudi kama mwangwi, na kwa mwangwi huo chombo hupima umbali wa ndege ile na upande iliko. Hivyo rubani aweza kuitambua ndege iliyo umbali wa makumi ya kilomita, hata usiku, hata mawinguni.

Miongoni mwa makombora ya kwanza ya namna hii ni Sparrow la Marekani, lililoanza kutumika katika miaka ya 1950. Ili kuielewa kazi ya aina yake iliyoenea zaidi, na tumfikirie mwindaji wa usiku. Mwindaji humulika mnyama kwa kurunzi, na mbwa wake humkimbilia yule aliyemulikwa. Kurunzi ikigeuzwa, mbwa hupotea. Vivyo hivyo rubani alipaswa kumwelekezea adui rada yake mpaka kombora lifike, na muda wote huo hakuweza kugeuka na kujiokoa.

Vita vya Vietnam viliijaribu silaha hiyo, nayo haikufaulu sana. Katika kila makombora kumi ya Sparrow yaliyorushwa, ni kama moja tu lililoangusha ndege. Lilikuwa limekusudiwa kuzipiga ndege kubwa za mabomu, si ndege ndogo zigeukazo kwa ghafula. Tena unyevu na mitikisiko viliharibu vyombo vyake. Zaidi ya hayo, mara nyingi amri iliwataka marubani wamwone adui kwa macho kabla ya kurusha, wasije wakawapiga wenzao. Basi faida ya kuona mbali ikapotea.

Wataalamu hawakukata tamaa. Mwaka 1991 Marekani ilianza kutumia kombora AIM-120, lenye rada yake ndogo puani. Ni kana kwamba mbwa sasa amepewa taa yake mwenyewe: akifika karibu na windo hamhitaji tena mwindaji, naye rubani aweza kugeuka na kwenda zake. Tarehe 27 Desemba 1992 kombora hilo liliangusha MiG-25 ya Iraq. Warusi nao wakaunda R-77, lifanyalo kazi kwa njia hiyo hiyo.

Afrika ya Mashariki nayo imeyaona mambo hayo. Katika vita vya Ethiopia na Eritrea, mwaka 1999, ndege aina ya Su-27 za Ethiopia zilipambana na MiG-29 za Eritrea. Makombora ya R-27, ambayo ni ya ile aina ya kurunzi, yalirushwa mengi, na karibu yote yakakosa shabaha.

Lakini kukosa shabaha si hatari pekee. Iko hatari kubwa zaidi, nayo ni kumpata asiye adui. Kila askari aliyepata kusimama lindo la usiku ajua wajibu wa kuuliza: "Simama! Nani wewe?" na kungoja neno la siri. Ndege za kivita nazo zina chombo cha kuuliza hivyo kwa redio, na ndege rafiki hujibu kwa alama ya siri. Tarehe 14 Aprili 1994, siku nane tu baada ya msiba wa Kigali, ndege mbili za Marekani aina ya F-15 zilikutana na helikopta mbili kaskazini mwa Iraq. Helikopta hizo zilikuwa za Marekani, lakini zilitumia alama isiyotakiwa katika eneo lile, kwa kuwa marubani wake hawakuarifiwa. Wale wa F-15 walikaribia, wakatazama kwa macho, wakazidhania kuwa za Iraq. Ya kwanza ikapigwa kwa AIM-120. Watu 26 wakafa.

Makosa kama hayo yametokea karibu nasi pia. Mwaka 1978, Vita vya Kagera vilipoanza, ndege tatu za kivita za Tanzania ziliangushwa huko Musoma na walinzi wa anga wa Tanzania yenyewe, kwa kudhaniwa ni za adui. Na tarehe 4 Mei 2020, huko Bardale nchini Somalia, nchi ambayo askari wa Burundi walianza kuihudumia mwaka 2007, askari wa Ethiopia waliiangusha ndege ya Kenya iliyochukua vifaa vya tiba. Watu sita walikufa.

Twaona basi kwamba rada hupima umbali na mwendo, wala haipimi nia ya mtu. Kadiri silaha inavyofika mbali, ndivyo mpigaji anavyozidi kuhitaji habari kutoka kwa wenzake. Jambo hilo halimhusu rubani peke yake. Lamhusu pia askari wa kizuizi cha barabarani, mlinzi wa mpaka na kiongozi wa doria. Kabla ya kuingia zamu, hana budi kuuliza: ni nani kati ya wenzetu atakayepita usiku huu? Neno la siri ni lipi, na je, limewafikia wote? Asiyepata jibu na arudi kwa mkubwa wake aulize tena, kwani risasi iliyokwisha kutoka hairudishwi kwa amri ya mtu yeyote.