Ukiongeza spidi mara mbili, breki inataka umbali mara nne

Umepanda bodaboda Marangu Mtoni, unashuka kwenda Himo. Dereva ana haraka, spidi imefika kilomita 72 kwa saa. Ghafla, mita 50 mbele, mtoto anaingia barabarani. Pikipiki itasimama?

Jibu liko kwenye milinganyo ya mwendo, ile tuliyokariri sekondari. Kumbe hata haihitaji kukaririwa. Twende taratibu.

Hatua ya 1. Mchapuko (a) ni spidi inavyobadilika kila sekunde: spidi ya mwisho (v) toa ya mwanzo (u), gawanya kwa muda (t). Ukipanga upya unapata:
v = u + at

Hatua ya 2. Spidi ikibadilika kwa kiwango kilekile, wastani wake ni (u + v) ÷ 2. Zidisha kwa muda upate umbali (s). Mahali pa v weka u + at:
s = ut + ½at²

Hatua ya 3. Kutoka hatua ya 1, t = (v − u) ÷ a. Uzidishe huo muda kwa ule wastani, t inaondoka kabisa:
v² = u² + 2as

Sasa turudi barabarani. Tuseme kwenye tambarare breki zinapunguza mita 4 kwa sekunde, kila sekunde. Ukisimama, v ni sifuri, hivyo s = u² ÷ 8.

• Kilomita 36 kwa saa (mita 10 kwa sekunde): mita 12.5
• Kilomita 72 kwa saa (mita 20 kwa sekunde): mita 50

Spidi mara mbili, umbali mara nne, kwa sababu u inajizidisha yenyewe.

Mteremkoni ni balaa zaidi. Barabara ikishuka mita 1 kila mita 10, mvutano wa dunia unakula karibu 1 kwenye ile 4. Inabaki 3.

Dereva akichelewa sekunde 1 kushtuka, tayari ametembea mita 20. Zimebaki 30. Weka kwenye mlinganyo: v² = 400 − (2 × 3 × 30) = 220. Anamfikia mtoto akiwa bado na spidi ya kilomita 53 kwa saa.

Angekuwa kwenye 50, ambayo ndiyo mwisho kisheria maeneo ya makazi, angesimama ndani ya mita 46 hivi. Mtoto angevuka.

Kwa hiyo usione aibu kusema: "Kaka, punguza kidogo."