Kichurachura: Adhabu au Mchezo?

Mwanafunzi aliyechelewa namba asubuhi huambiwa aruke kichurachura kuzunguka uwanja. Aliyepiga kelele darasani hupigishwa pushapu mbele ya wenzake. Shule nyingi za Tanzania zimeishi hivyo miaka nenda rudi, na mtoto hujifunza bila kufundishwa kwamba jasho ni malipo ya kosa. Halafu akifika sekondari anatafuta kila kisingizio cha kukwepa michezo, nasi tunamwita mvivu.

Kuna watafiti ambao wamelipeleka zoezi darasani kwa nia tofauti kabisa. Mwaka 2006 Mahar na wenzake wa Chuo Kikuu cha East Carolina, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watoto 243, kuanzia wa chekechea hadi wa darasa la nne. Mara moja kwa siku mwalimu alisimamisha kazi kwa dakika kama 10, watoto wakaruka na kujinyoosha palepale darasani, bila mpira wala kifaa chochote. Vihesabu hatua vilivyofungwa viunoni vilionyesha kwamba walitembea hatua zipatazo 782 zaidi kwa siku ya shule kuliko wenzao wasiofanya mazoezi hayo. La kufurahisha zaidi ni lililotokea baada ya kuketi. Katika madarasa ya tatu na ya nne, utulivu kwenye kazi ulipanda kwa asilimia 8, na kwa wale wasiotulia kabisa, wale ambao mwalimu wetu angewatoa nje, ulipanda kwa asilimia 20.

Kwa nini? Mwaka 2009 mtafiti Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitembeza watoto 20, wenye umri wa miaka tisa na nusu hivi, kwenye mashine ya mazoezi kwa dakika 20, kisha wakapima mawimbi ya umeme ya ubongo. Baada ya kutembea, ishara inayohusishwa na umakini ilikuwa kubwa zaidi kuliko baada ya kukaa, na watoto walijibu kwa usahihi zaidi. Huko Groningen, Uholanzi, watafiti walikwenda mbali zaidi: hesabu na tahajia zilifundishwa watoto wakirukaruka, jibu likitolewa kwa miguu. Baada ya miaka miwili watoto hao walikuwa wamewatangulia wenzao kwa zaidi ya miezi minne ya masomo. Katika kusoma hapakuwa na tofauti, na ni vizuri kusema hivyo, maana mazoezi hayatibu kila kitu.

Lakini je, mtoto atayapenda mazoezi? Hapo pana ugumu. Watoto wadogo wengi wanapenda kucheza tayari, kwa hiyo dodoso la mtazamo huanza na alama za juu na haliachi nafasi kubwa ya kupanda. Tena mtazamo si kitu kimoja. Simon na Smoll, waliotunga kipimo maarufu cha mtazamo wa watoto mwaka 1974, walitenganisha kucheza kwa ajili ya urafiki, kwa ajili ya afya, kwa msisimko, kwa uzuri wa miondoko, kwa kutuliza mawazo, na mazoezi marefu ya kujitesa ili ushinde. Mtoto anaweza kuyapenda matano na kulichukia la mwisho. Kwa bahati mbaya, hilo la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na adhabu zetu.

Wanasaikolojia Deci na Ryan wanasema mtu hudumu katika jambo analohisi amelichagua, analimudu na linamuunganisha na wenzake. Kuruka mara sita ili kujibu mbili mara tatu, na kuruka mara sita kwa kuchelewa, ni kazi ya misuli ileile. Kinachotofautiana ni yote matatu hayo.

Upo mfano wa kukimbia kusiko adhabu. Mwaka 2012 mwalimu mkuu Elaine Wyllie wa Stirling, Scotland, alianza kuwatoa watoto nje dakika 15 kila siku, kila mmoja akikimbia au kutembea kwa kasi yake, bila kubadili nguo. Aliyewahi kukimbia mchakamchaka atatabasamu: sisi tulikuwa nao zamani, tena na nyimbo. Tofauti ni kwamba wetu ulikuwa na kiranja nyuma akiwahimiza wanaobaki.

Mwalimu mwenye watoto themanini waliobanana kwenye madawati atauliza wataruka wapi, na swali lake ni la haki. Asubiri uwanja? Hapana. Kuchuchumaa na kuinuka, kupiga makofi juu ya kichwa, kukimbia papo kwa papo kando ya dawati, safu moja baada ya nyingine, vinatosha kwa dakika tano. Siku nyingine watoto wachague wenyewe, na rede na kamba zipo chini ya mwembe.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Kwa takwimu za mwaka 2016, asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho, wasichana wakiwa nyuma ya wavulana. Mzazi, kwenye kikao cha shule tumezoea kuuliza wastani na nafasi ya mtoto darasani. Uliza pia huinuka kwenye dawati mara ngapi kati ya kengele ya asubuhi na ile ya kwenda nyumbani.