Ringi Zilizokosekana Shelby

Bajeti ya nyumba ikianza kubana, nondo ndefu za chini ya boriti haziguswi. Kila mtu anajua boriti hupinda katikati, na zege likivutwa hupasuka. Kinachopunguzwa ni ringi, vile vyuma vyembamba vya milimita 6 au 8 vinavyozizunguka nondo. Kwa macho ni kama kamba ya kufungia mzigo wa kuni tu. Nami niliziona hivyo, mpaka niliposoma habari za Shelby.

Shelby ni mji mdogo wa Ohio, Marekani. Agosti 1955, kipande cha paa la ghala la jeshi la anga kiliporomoka pale, karibu mita za mraba 370. Juu yake hapakuwa na mzigo wowote. Paa lilishindwa na uzito wake lenyewe. Boriti zake zilikuwa na kina cha sentimita 91, tena zilifuata kanuni za wakati ule. Hazikukatikia katikati. Zilikatika jirani na pale nondo za juu zilipoishia, na hapo hapakuwa na ringi hata moja.

Mzigo husukuma chini, nguzo nayo husukuma juu. Kati ya nguvu hizo mbili zege hukatwa kama kitambaa ndani ya mkasi, na ufa hupanda kimshazari. Mwaka 1899 mhandisi Mswisi Wilhelm Ritter aliifananisha boriti ya namna hii na kenchi: vipande vya zege vilivyolala kati ya nyufa hugandamizwa, ringi zilizosimama huvutwa. Ringi, kumbe, hushona ufa.

Hata hivyo, wahandisi waliochunguza ajali ya Shelby walishangaa. Walipojenga mifano ya theluthi ya ukubwa wa boriti za Shelby, ilibeba takriban mara mbili ya mkazo ulioangusha ghala. Ndipo walipoivuta pia kwa urefu, na uwezo ukashuka karibu nusu. Jibu likaonekana: zege hunywea likikauka, na boriti ndefu isiyo na nafasi ya kujikusanya hujivuta yenyewe. Ikigandamizwa ncha kwa ncha mambo hugeuka, ufa huchelewa.

Mahali mzigo unapokaa nako kuna hesabu yake. Ukiwa karibu sana na nguzo, zege hujitengenezea tao na kuupeleka moja kwa moja chini. Kani, mtafiti wa Toronto, alionyesha mwaka 1964 kwamba hatari hukomaa mzigo ukiwa umbali wa kama mara mbili na nusu ya kina cha boriti.

Tetemeko la ardhi ndilo gumu zaidi, kwa kuwa nguvu hugeuka upande kwa kila mtikisiko, na nyufa hupishana kama msalaba. Zege la nje hubanduka. Ringi iliyokunjwa ncha kwa nyuzi 90 hufunguka hapo hapo. Iliyokunjwa kwa 135 huwa imezama ndani ya zege la kati, ikaendelea kushika.