Kabla ya kumkatia Guka waya wa simu, soma hii

Ukiingia katika nyumba ya zamani pale Section 58, Milimani au hata kule Njoro, huenda ukaiona. Iko juu ya meza ndogo kando ya kochi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na chini yake kuna kijitabu cha namba kilichochakaa. Simu ya mezani. Kama ulizaliwa baada ya mwaka 2000, labda hujawahi kuiinua ukasikia ule mlio mrefu wa kukuambia laini iko hai.

Mimi niliusikia miaka mingi nyumbani kwa Guka, hapa Nakuru. Na ni mimi niliyemsukuma auache. Nakusimulia haya kwa sababu najua wikendi hii kuna mmoja wenu atakayepanda matatu kutoka Nairobi, afike nyumbani, amwambie mzee maneno yaleyale niliyosema mimi: "Huu waya ni wa kitambo. Weka faiba."

Kuhusu kasi sikukosea. Nilikosea kuhusu kitu kingine.

Simu ya mtaa mzima

Guka alipata laini yake mwaka 1986. Siku hizo barua na simu zote nchini zilikuwa chini ya shirika moja, Kenya Posts and Telecommunications Corporation. Nyumba yenye simu ilikuwa kama ofisi ya mtaa. Habari za msiba, za mgonjwa aliyelazwa, za mtoto aliyefika shuleni salama, zote zilipitia kwa Shosho, naye alimtuma mtoto mbio kwenda kumwita mwenyewe. Kupokea simu kulikuwa bure. Kupiga kulikuwa na bili mwisho wa mwezi, ndiyo maana baadhi ya watu walitia kufuli ndogo kwenye gurudumu la namba.

Na usidhani Bonde la Ufa lilikuwa pembeni katika mambo haya. Kituo cha setilaiti cha Longonot, karibu na ule mlima unaouona ukielekea Naivasha, kilianza kazi mwaka 1970. Kwa miaka mingi Mkenya akimpigia mtu ng'ambo, sauti yake ilirushwa angani kutoka kwenye madishi ya hapo.

Mwaka 1999 shirika hilo liligawanywa, upande wa simu ukawa Telkom Kenya. Mwaka uliofuata Safaricom na KenCell, ambayo leo ni Airtel, zikaanza kuuza laini za mkononi kwa nguvu. Unajua yaliyofuata. Nchi yenye laini za waya kama 300,000 tu ilijaa simu za mkononi kabla waya haujafika kwa watu wengi. Wenzetu wa Ulaya waliacha kitu walichokuwa nacho wote. Sisi wengi wetu tuliuruka tu.

Lakini Guka hakuuruka. Yeye alikuwa nao, na alikuwa na sababu.

Januari 2008

Sababu ya kwanza hakuisema kwa maneno mengi. Mwisho wa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, maduka yalifungwa. Kadi za kuongeza salio zikawa adimu, na wewe unajua simu bila salio ni saa tu ya mfukoni. Simu ya Guka haikuhitaji kadi. Bili ingekuja baadaye.

Majirani walikuja mmoja mmoja. Walipiga Molo, walipiga Nairobi, walipiga Eldoret, kuuliza kama watu wao wako hai. Shosho aliwachemshia chai ya rangi kwa sababu maziwa hayakuwapo. Hakuna aliyeulizwa kabila. Guka alilipa ile bili yote mwenyewe na hadi leo hajatutajia ilikuwa pesa ngapi.

Kwa hivyo nilipomwambia ule waya ni wa kitambo, tulikuwa tunazungumza vitu viwili tofauti bila kujua.

"Stima zikipotea, nitakupigia na nini?"

Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na intaneti ikaanza kuwa kitu cha nyumbani. Mwaka 2011 shangazi alimwekea Guka intaneti kwenye waya uleule wa simu. Ilikuwa na kasi ya megabiti 2. Ilimtosha kusoma gazeti na kuongea na binamu zangu walio nje, ingawa picha ilikwama kila baada ya dakika chache. Mimi nilienda kwake nikiwa na bando langu mfukoni.

Faiba ilipofika mtaani, nguzo kwa nguzo, nikaona wakati umefika.

"Guka, kwa pesa hizohizo utapata kasi mara tano."

"Ya kufanyia nini?"

"Kila kitu. Hata mpira utaona bila kukwama."

Akafikiria. "Na stima zikipotea, nitakupigia na nini?"

"Na simu ya mkononi."

"Ile huwa imezima," akasema, na hakuwa anatania. Guka husahau kuichaji. Baada ya Shosho kufariki alibaki peke yake usiku, na ana ugonjwa wa sukari. Namba ya 051 ndiyo iliyokuwa kwenye kadi yake ya kliniki, kwenye daftari la kanisa na vichwani mwa watoto wake wote.

Nilicheka. Ngoja nikueleze kwa nini sikupaswa kucheka.

Shaba inafanya nini ambacho kioo hakifanyi

Laini ya simu ni nyaya mbili nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, kutoka kwenye kituo cha simu hadi ukutani kwako. Zikibeba sauti, zinabeba pia umeme mdogo wa kama volti 48 unaotoka kituoni, ambako kuna betri na jenereta. Ndiyo maana simu ya kawaida ya mezani haichomekwi kwenye soketi. Mtaa mzima ukiwa gizani, yenyewe inalia.

Intaneti ya waya huo hupita juu ya sauti. Sauti hutumia masafa ya chini, intaneti hutumia ya juu, na kichujio kidogo huzitenganisha ili uweze kuongea na kuperuzi kwa wakati mmoja. Shida ni umbali. Kizazi cha kwanza cha teknolojia hiyo kilifika megabiti 8 hivi kwa sekunde, tena ukiwa karibu na kituo. Kadiri unavyokaa mbali ndivyo ishara inavyochoka, na ukipita kilomita tano hivi husalii na kitu cha maana. Ongeza mvua ya Aprili inayoingia kwenye viungio, simu inaanza kukwaruza. Ongeza radi, modemu inaungua.

Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Haijali radi, na kilomita kumi kwake si safari. Lakini kioo hakibebi umeme. Kile kisanduku unachowekewa ukutani kinategemea stima zako mwenyewe. Zikipotea, kimekufa, na simu yoyote inayopitia hapo imekufa nacho.

Hapa pia Guka alikosea nusu. Kwenye shaba, ni simu tu inayobaki hai gizani. Modemu ya intaneti nayo huhitaji soketi ya nyumbani, kama ruta ya faiba. Na ile simu ya mezani isiyo na waya, ya kutembea nayo hadi jikoni, huzima pia. Kwa hivyo hakuwa akitetea intaneti ya shaba. Alikuwa akitetea sauti inayopita wakati kila kitu kingine kimezima. Mimi nilikuwa nikiuza kasi kwa mtu ambaye hakuwa ameomba kasi.

Anayebaki peke yake

Unaweza kusema basi angeubakiza tu. Alijaribu. Lakini waya wa shaba haudumu kwa sababu wewe umeung'ang'ania. Unadumu kwa sababu jirani yako naye yumo.

Kebo ya mtaani hubeba laini za nyumba nyingi. Majirani wakihama, gharama ya kuitunza inabaki ileile huku wanaolipa wakipungua. Ikikatika, anayelalamika ni mzee mmoja, na fundi hana haraka. Tena shaba ina soko. Kenya ilipitisha Sheria ya Vyuma Vikuukuu mwaka 2015 ili kudhibiti biashara hiyo, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta akaisimamisha kabisa kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuharibiwa. Nyaya za simu zimekuwa zikiwindwa na wezi haohao miaka nenda miaka rudi. Kioo cha faiba hakiuziki kwa kilo, ingawa kuna wanaokikata kwanza ndipo wagundue.

Kebo ya mtaa wa Guka iliibwa, ikarudishwa, ikaibwa tena. Mara ya pili hakuna aliyekuja. Kwa wiki kadhaa aliinua simu kila asubuhi, akasikiliza kimya, akairudisha. Kisha akaniambia, "Haya, leta hiyo yako."

Nikaileta. Mafundi walimaliza kabla ya saa sita. Siku hiyo aliangalia mpira bila kukwama, na mimi nikarudi Nairobi nikijiona shujaa.

Usiku wa Agosti 25

Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima zilipotea sehemu kubwa ya nchi. Unaikumbuka hiyo siku, hata uwanja wa ndege wa JKIA uliingia gizani. Kwangu Nairobi nilikuwa na asilimia 40 ya chaji. Nikampigia Guka. Imezimwa. Nikajaribu WhatsApp. Tiki moja. Ruta yake ilikuwa imelala.

Vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye 051. Nikaipiga ile namba huku nikijua vizuri kwamba haipo tena.

Nililala kidogo sana usiku huo. Asubuhi shangazi alimpata mwanafunzi mmoja wa mtaani, akamtuma abishe mlangoni. Guka alikuwa mzima, amekaa na mshumaa uliokwisha, akishangaa kelele za nini. Hakuwa na shida yoyote. Lakini kama angekuwa nayo, hakuna mtu duniani angejua, na mimi ndiye niliyepanga mambo yakawa hivyo.

Sisi si wa kwanza kugonga ukuta huu. Nchini Uingereza, laini za zamani za shaba zimepangwa kuzimwa kufikia Januari 2027. Huko wazee wengi wana kitufe cha dharura shingoni kinachopiga simu kupitia waya. Baada ya vifaa hivyo kushindwa kufanya kazi kwa baadhi ya waliohamishwa, Desemba 2023 kampuni kubwa za simu ziliahidi serikali kutomhamisha kwa lazima mteja aliye hatarini kabla ya kuhakikisha yuko salama.

Hapa kwetu, hiyo kampuni ya kuhakikisha ni wewe mjukuu.

Uliza haya kabla ya kukata

Kwanza, usiulize "kasi ni ngapi?" Uliza "huu waya unakufanyia nini?" Keti naye muandike. Kliniki hupiga namba gani? Dadake wa Subukia huifahamu namba ipi kwa kichwa? Kila mtu aliye na namba ya zamani apewe mpya kabla ya siku ya kukata, si baada yake.

Pili, nunua kibetri cha ruta. Ni kidogo kama kitabu, kinachomekwa kati ya soketi na ruta, na hukaa saa kadhaa stima zikipotea. Hakikisha volti zake zinalingana na za ruta. Kama nyumba ina visanduku viwili, cha faiba na cha Wi-Fi, vyote viwili vipate umeme wa betri.

Tatu, kama mzee anaishi kwenye ghorofa, muulize fundi swali hili: kati ya barabarani na mlangoni kuna kifaa kinachotumia umeme wa ploti? Faiba nyingi za nyumbani hazina kitu cha umeme njiani, kwa hivyo betri ya ruta inatosha. Lakini kwenye baadhi ya majengo kuna kisanduku cha kugawa laini chini ya ngazi. Hicho kikizima, betri yako haitakusaidia.

Nne, mpe simu ya kitufe, ile ya kukaa na chaji siku kadhaa, yenye laini ya kampuni tofauti na ya simu yake kubwa. Iwekwe mahali pamoja.

Tano, na hii haina betri: awe na jirani mmoja ambaye una namba yake.

Na kama shaba yake bado inalia, na kazi yake ni simu na habari kidogo, huna sababu ya kuikata leo. Weka faiba kando yake. Acha zote mbili zikae mwaka mmoja, uone ni ipi inayomfaa usiku wa giza.

Kwa Guka sasa kuna kibetri nyuma ya ruta. Simu ya kitufe iko juu ya ile meza ndogo, mahali ilipokuwa ya mezani, na ameifunika kitambaa kilekile cha Shosho. Stima zikipotea Nakuru, huwa hasubiri nimtafute. Hunipigia yeye.

"Nilikuwa najaribu tu kama inafanya," husema, kisha hukata.