Morris ya mbao: Kagua nguzo kabla ya kutoa fedha

WATU wengi wanaoiona Morris Minor Traveller kwa mara ya kwanza hudhani kuwa mbao zilizoizunguka sehemu ya nyuma ni urembo tu. Sivyo. Ukizing'oa mbao hizo, hakibaki kitu cha kushikilia paa la nyuma, vioo wala milango. Mbao ndizo nguzo za nyumba, na bati la alumini lililo katikati yake ni ukuta tu wa kuzuia mvua.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wa magari haya huko Uingereza wanapopoteza fedha. Wanalipa bei ndogo kwa gari lililokaa bandani miaka 20, kisha wanagundua kuwa wamenunua kazi mbili kwa pamoja, ya mchomeleaji na ya seremala, na hakuna inayoweza kurukwa.

Morris Minor ilibuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa mwaka 1948. Ilikuwa gari la kwanza la Uingereza kutengenezwa kwa idadi inayozidi milioni moja. Wazee wa Dar es Salaam na Nairobi wanaikumbuka vizuri, maana Waingereza waliiuza kote katika makoloni yao. Traveller, yaani stesheni wagoni yake, ilitoka mwaka 1953 na kuendelea hadi 1971. Iliwalenga watu wenye mizigo: wenye maduka, mafundi, wakulima wadogo. Kiti cha nyuma kinalala, na milango miwili ya nyuma inafunguka kama ya kabati, hivyo gunia au kreti linaingia bila taabu.

Mnunuzi makini huanzia chini ya gari, si kwenye rangi. Morris hii haina chesisi ya pekee kama ya lori. Sakafu, vizingiti vya milango na boriti fupi zilizochomelewa chini yake ndivyo vinavyobeba gari zima. Kutu hupenda kuanzia kwenye vizingiti, kwenye boriti inayopita chini ya viti vya mbele, na pale springi za nyuma zinapofungwa. Ukigonga kwa nyundo ndogo, chuma kizima hulia. Kilichokwisha hutoa sauti ya debe lililojaa udongo. Muuzaji aliyepaka lami nyeusi nzito sehemu yote ya chini wiki moja kabla ya kuuza aulizwe kwa nini.

Baada ya hapo, mbao. Maji hukusanyika kwenye mifereji ya vioo vya pembeni, ambavyo hufunguliwa kwa kusukumwa kando, na kushuka polepole ndani ya ubao ulio chini yake. Sehemu nyingine ni juu ya tairi la nyuma na kwenye vitako vya nguzo za mwisho. Weusi kwenye ubao ni dalili kwamba maji yamepita chini ya vanishi. Weusi wa juu juu huondoka kwa dawa na msasa. Lakini ncha ya bisibisi ikizama bila kulazimishwa, ubao huo umekwisha, na kuujaza kwa gundi na unga wa mbao ni kumdanganya mnunuzi anayefuata.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake, na fundi anayeubadili hulipia. Chuma hutangulia. Moto wa kuchomelea ukikaribia mbao mpya zilizopakwa vanishi, gari linaweza kuteketea, na ni lazima tangi la mafuta lililo nyuma litolewe kwanza. Kizingiti hukatwa upande mmoja kwa wakati, milango ikiwa mahali pake, na bodi ikiwa imeegemezwa isilegee. Anayekata pande zote mbili siku moja hujikuta na gari lililobonyea katikati, lenye milango isiyofunga tena. Kosa la namna hiyo halirekebishwi kwa nyundo.

Ubao unaotumika ni wa mti wa 'ash', ambao Ulaya hutumika pia kwa mipini ya nyundo na shoka kwa sababu hustahimili mshtuko bila kupasuka. Seremala wa hapa, aliyezoea mninga, angeshangaa kuona udhaifu wake mmoja: mti huu hauhimili unyevu. Ukiachwa bila dawa na vanishi huoza haraka. Viungo vyake ni vile vile vya kiti kizuri, ulimi wa ubao unaoingia kwenye tundu, pamoja na gundi na skrubu. Maduka maalumu huuza seti nzima ya upande mmoja ikiwa imekatwa tayari, na gharama ya pande zote na milango hufika maelfu ya pauni kabla ya ujira.

Upatikanaji wa mti huo nao umeingia mashaka. Ugonjwa wa ukungu ulioonekana Uingereza mwaka 2012 unaendelea kuua miti hiyo mashambani, na wakulima wamelazimika kuikata mingi iliyo kando ya barabara isije ikaangukia watu.

Je, fedha hizo hurudi? Kwa anayemwachia gereji kila kitu, mara nyingi hazirudi. Gharama huzidi bei ya kuuzia. Anayefanya sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yake ndiye anayeona nafuu. Charles Ware, aliyefungua gereji ya Morris Minor mjini Bath miaka ya 1970, alikuwa na hesabu tofauti. Alisema gari jipya hushuka thamani kila mwaka hata likiwa limeegeshwa, wakati la zamani linalotengenezwa kwa ratiba hushikilia thamani yake. Serikali ya Uingereza nayo imepunguza mzigo: tangu Mei 2018, magari mengi yaliyozidi umri wa miaka 40 hayalazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka, ingawa mwenye gari bado anawajibika likiwa bovu barabarani.

Ware alifanya jambo jingine linalowahusu mafundi wa nchi kama zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alishirikiana na watu wa Sri Lanka, ambako Morris nyingi zilikuwa bado zinatembea, kuanzisha karakana ya kutengeneza vipuri vya bati vya gari hilo na kuvipeleka Uingereza. Mafundi wa huko hawakuwa na mitambo mikubwa. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kutengeneza kipuri kisichopatikana dukani, ujuzi ambao haukosekani Gerezani au Gikomba, kwa wanaokunja bati na kuunda bodi za lori.

Gari likishakamilika, matunzo hayana likizo. Viungio vya usukani vya magurudumu ya mbele vinahitaji grisi kila baada ya maili 3,000, sawa na kilomita 4,800 hivi. Vikikauka, gurudumu linaweza kulala chini gari likiwa kwenye mwendo. Mbao zioshwe, zikaushwe na kupakwa upya mahali popote vanishi inapopasuka, na mifereji ya vioo izibuliwe majani kabla mvua hazijaanza.